Mlinzi wa Katikati Aliyepoteza Gari

Hakuna kitu kinaweza kunishtua mimi. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote, na watu wa Kinoo wanaonijua watawaambia si maneno ya bure. Nimegongwa na watu wenye uzito wa friji, tena friji inayokimbia, nikaamka nikawauliza kama wameumia. Nimeshonwa nyusi bila ganzi kwa sababu daktari alikuwa anachelewesha mechi.

Kwa hivyo nyinyi vijana mnaokuja uwanjani Jumamosi niwafundishe, mkiniona na filimbi shingoni mnadhani huyu mzee alizaliwa bila woga. Sawa, dhanini hivyo, inanisaidia mkiwa wakaidi. Lakini kuna siku mwaka huu nilitembea katikati ya mji, mchana, jua liko juu, na niliogopa. Nimeona afadhali mlisikie hilo kutoka kwangu, kwa sababu kazi mnayoitaka ndiyo iliyonipeleka pale.

Tuanze na kazi.

Shule niliiacha kidato cha pili, karo iliisha kabla yangu. Nikaenda machimboni kubeba mawe, nikabeba mpaka mabega yakawa haya mnayoyaona. Kutoka machimboni nikawa mlinzi wa mlango kwenye kilabu fulani Westlands. Hapo ndipo kocha mmoja wa raga alinikuta nikitoa walevi wawili nje, mmoja kila bega, na mimi naongea nao vizuri tu. Raga ikanipeleka Ulaya. Ulaya ikanipeleka Amerika, kucheza mpira wao ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Haikuwa ligi kubwa mnayoitazama kwenye simu. Ilikuwa ligi ndogo, miji midogo, mabasi ya kulala ukiwa umekaa. Lakini nililipwa. Zile nyumba za kupangisha nyuma ya steji ya Kinoo hazikujengwa na maombi.

Wenyewe kazi yangu wanaiita linebacker. Mimi naiita mlinzi wa katikati. Mbele yako kuna majitu yanayosukumana kama watu wanaohamisha kabati. Nyuma yako kuna wepesi wa kukimbia. Wewe uko hapo kati, umekunja magoti, unangoja. Mwenye mpira akipenya yale majitu, huyo ni wako, na anakuja kwa kasi yote aliyopewa na Mungu.

Lakini kumwangusha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mdomo. Kocha anakupa mpango, na wewe ndiye unaupaza kwa wenzako kumi kabla mpira haujachezwa. Ukiona wale wa upande wa pili wamejipanga vingine, unapaza tena, unabadilisha. Mlinzi wa katikati akinyamaza, watu kumi wamekuwa vipofu.

Na mimi Kiingereza changu, mnakijua. Mechi yangu ya kwanza kule, kocha alinipa mpango mrefu kama tangazo la mazishi redioni. Rangi, namba, jina la mnyama, upande. Nilipogeuka kuwaambia wenzangu, nikabaki na mnyama peke yake. Nikapaza huyo mnyama. Watu kumi wakanitazama. Mpira ukachezwa, jamaa akapita katikati yetu akitembea karibu, hata hakuhitaji kukimbia, akapata alama. Nikarudi pembeni nikijua kesho niko kwenye ndege ya Nairobi.

Aliyeniokoa ni mzee wa timu, naye mlinzi wa katikati, Leroy. Mtu mweusi mwenye shingo kama gogo, alikuwa amecheza mpaka magoti yake yanalia akipanda ngazi. Alinikuta chumba cha kubadilishia nguo nimejifunika taulo kichwani.

"Kinoo," akasema. Ndivyo alivyoniita, hakuweza jina langu. "Kitu gani unakijua kwa moyo? Kitu ambacho ukiamshwa usingizini unakisema."

Nikafikiria. Nikamwambia najua steji za barabara ya kwetu. Nilikuwa kondakta miezi michache kabla ya machimbo.

"Zitaje."

Nikazitaja. Kangemi, Uthiru, 87, Kinoo, Muthiga, Zambezi. Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaenda kwa kocha, wakakaa na ile mipango, na kila mpango wa ulinzi ukapewa steji. Kangemi maana yake wote tunarundikana mbele, kwa sababu Kangemi kuna msongamano. Uthiru tunaegemea kushoto. 87 mimi mwenyewe naenda mbele kumkamata mrusha mpira. Muthiga tunarudi nyuma kuchunga mpira wa juu. Na kadhalika. Msimu ule wapinzani walitutumia watu wa kutusikiliza, wakaandika, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Nani huko Amerika atajua Uthiru inaegemea upande gani? Wazungu na weusi kumi wanapiga kelele "Muthiga, Muthiga," na mimi katikati yao kama mwenye gari.

Hiyo ni akili yangu, si ya shule. Waambieni walimu wenu.

Leroy alinifundisha na mengine. Usimtazame mwenye mpira machoni, macho yanadanganya. Usitazame miguu, miguu inacheza. Tazama kiuno. Kiuno hakina mahali pa kwenda bila mtu mzima. Mpaka leo nikivuka Waiyaki Way natazama kiuno cha mtu wa bodaboda, najua atakatiza wapi.

Jambo moja tu mimi ndiye nilimfundisha yeye. Zamani kule walikuwa wanaangusha mtu kwa kofia. Unainamisha kichwa unajipiga nacho kifuani mwa mtu, pwaa, watu wanashangilia, kocha anakupiga mgongoni. Mimi nilitoka kwenye raga, ambako kichwa ni chako na hakina plastiki. Nilizoea kukiweka pembeni. Bega ndilo linagonga, shavu lako linabaki nyuma ya kiuno chake, mikono inafunga kama umebeba gunia la viazi, na miguu inaendelea na hatua fupi fupi mpaka aketi. Walinicheka. Wakasema ninakumbatia watu. Baadaye mambo yakabadilika, makocha wakaanza kuleta watu wa raga kuwafundisha hivyo hivyo kwa pesa nyingi. Mimi nilikuwa nawafundisha bure na wanacheka.

Lakini na mimi sikuwa malaika. Ukiwa umechoka, kichwa kinatangulia chenyewe. Na mara nyingine unataka ile sauti, pwaa, na watu wasimame. Mara ngapi sijui. Na ile "sijui" ndiyo imekuwa inanikalia kifuani.

Kwa hivyo Jumamosi nikipiga filimbi kwa sababu mtu ameingiza kichwa mbele, na nyinyi mnanung'unika, "Mzee anatubania," nawasikia. Sina shida. Nung'unikeni tu.

Leroy aliacha kucheza kabla yangu. Mimi nilirudi nyumbani, nikaoa tena kwa harusi mke wangu yuleyule, Mama Ciru, nikajenga. Tukawa tunapigiana simu, mimi na Leroy. Siku moja mchana nikiwa Kilimani kwenye saluni ya Mama Ciru nikingoja chakula, akapiga.

"Kinoo, Jumamosi tulicheza?"

Nikacheka. "Leroy, tuliacha kucheza zamani."

"Ah, kweli. Tulishinda?"

Nikamwambia tulishinda. Tukaongea habari ya watoto, habari ya magoti. Halafu, kwa sauti ileile, kama mtu anayefungua mazungumzo, "Kinoo, Jumamosi tulicheza?"

Nilitoka nje na ile simu nikasimama kwenye barabara. Niliogopa hata kukata.

Mkewe ndiye alinieleza baadaye. Alisema madaktari wanalaumu kule kugonga vichwa miaka yote, na kwamba ilianza na gari. Leroy alienda kununua vitu, akatoka dukani, hakuliona gari. Akazunguka uwanja wa magari mpaka duka likafungwa, hasemi na mtu, mtu mkubwa vile, anapita mstari kwa mstari na mifuko mkononi. Walinzi wakampigia mkewe. Akaja kumchukua na gari lao. Leroy hakuwa ameenda na gari. Alikuwa ameenda na basi.

Siku moja njema, kichwa kikiwa kimetulia, Leroy aliniambia mwenyewe. "Ikikufikia, usizunguke kimya kama mimi. Sisi kazi yetu ni kupaza. Paza." Huo mwaka hakuumaliza.

Tangu wakati huo kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nazitaja steji kimoyomoyo. Zikija zote kwa mpangilio, naamka. Mama Ciru alikuja kugundua kwa sababu midomo inachezacheza. Nikamwambia ni sala. Hakuamini, ananijua na sala. Nikamwambia ukweli. Tangu hapo yeye akiamka kabla yangu huuliza tu, "Umefika Zambezi?" nami nasema nimefika, anaenda kuweka chai.

Sasa, siku yenyewe.

Nilienda mjini asubuhi kuagiza fulana zenu, Biashara Street, kwa yule Mhindi anayejua bei zangu. Niliegesha Muindi Mbingu Street, Prado nyeusi, mnaijua, siwezi kuegesha mahali pasipoonekana. Kijana wa maegesho akanijia na kile kimashine chake cha kutoza ada. Nikamtazama. Nilimtazama tu vile nilikuwa nawatazama wale wa kule, akageuka akaenda zake. Mimi nimelipa mengi katika maisha haya na huwa sipendi kusumbuliwa nikiwa nashuka. Kwenye kona kulikuwa na mama anayeuza leso na peremende chini ya mwavuli. Nikanunua peremende, nikaenda.

Niliporudi, pale pa Prado kulikuwa na kigari kidogo cheupe chenye kiti cha mtoto nyuma.

Nikasimama. Nikatazama kushoto, kulia. Nikasema, ni mtaa mwingine. Mitaa ya pale inafanana ukiwa na haraka. Nikaenda mtaa wa Kigali, nikapita Prado mbili, si yangu hata moja. Nikarudi. Kigari cheupe kiko palepale. Yule mama wa leso akaniangalia, nikatikisa kichwa kumsalimu kama mtu anayepita tu. Nikaenda Banda Street. Nikaenda mpaka karibu na soko, nikarudi. Funguo ziko mkononi, nabonyeza kile kitufe, nasikiliza iwapo kuna gari litaitika. Magari ya watu yananitazama.

Hapo ndipo niliacha kubonyeza. Kwa sababu niliona mtu mmoja kwenye kioo cha duka, jitu lenye shingo nene, na funguo mkononi, linapita mstari kwa mstari bila kusema na mtu. Nikamtambua. Nilidhani ni Leroy. Nikamtazama tena. Ni mimi.

Nikajiuliza swali ambalo sikutaka kulisikia. Nilikuja na gari kweli?

Nikajaribu kukumbuka nikitoka Kinoo. Nikakumbuka barabara, lakini barabara hiyo nimepita maelfu ya siku, ni siku gani hii? Nikakumbuka peremende. Nikatia mkono mfukoni, peremende zipo. Vizuri. Lakini peremende si gari. Nikasema ngoja, nitajipima. Nikasimama kando ya ukuta, watu wananipita, nikaanza.

Kangemi.

Uthiru.

Halafu hapakuwa na kitu. Sisemi nilichanganya. Sisemi ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Palikuwa peupe, kama steji yenyewe imeng'olewa na barabara imeishia hapo. Nikarudia tangu Kangemi, kama mtu anayerudi nyuma apate kasi ya kuruka. Kangemi, Uthiru. Peupe. Vijana, nimesimama mbele ya watu ambao walikuja kuniumiza kwa mshahara. Sijawahi kuogopa hivyo. Yule mtu wa mbele unamwona kiuno. Huyu hakuwa na kiuno.

Na nilifanya nini mimi, bingwa wa kupaza? Nilinyamaza. Nikaanza kutembea tena, haraka, nikitabasamu, nisionekane nimepotea. Nikampita yule mama wa leso tena. Angenijibu kwa neno moja, na sikumwuliza. Mtu anaweza kufa kwa aibu na bado anatabasamu.

Kilichonisimamisha ni kwamba nilitaka kuvuka barabara nikasahau kutazama, breki zikalia, dereva akatoa kichwa, "Buda, unataka kufa uniachie kesi?" Nikarudi kwenye ukuta. Nikasikia sauti ya Leroy, si ya mzimu, ile ya kawaida, ya chumba cha kubadilishia nguo. Paza.

Nikampigia mke wangu.

"Baba Ciru, niko na kichwa cha mteja hapa, sema haraka."

"Sijui gari iko wapi."

"Umeibiwa?"

"Sijui. Sijui kama nilikuja nayo. Na steji zinaniishia Uthiru."

Nikasikia mashine ya kukausha nywele ikizimwa. "Uko wapi?"

"Muindi Mbingu. Kwa kona, kuna mama anauza leso."

"Simama hapo. Usisonge hata hatua. Umenisikia?"

Mama Ciru hapandi bodaboda. Amekataa tangu zije, anasema Mungu alimpa miguu miwili na yeye atazikwa nayo yote miwili. Siku hiyo alikuja kutoka Kilimani nyuma ya bodaboda, aproni ya saluni bado kiunoni, rangi ya nywele vidoleni. Alishuka, akanishika mkono kama naweza kukimbia.

"Baada ya Uthiru?" akaniuliza polepole.

Nikatikisa kichwa.

"87, Baba Ciru. Si tulikaa hapo kwanza? Ile nyumba ya mabati ya yule mama mkali?"

Ikarudi. Steji, mabati, yule mama mkali, vyote pamoja, kama mtu amewasha taa. Na machozi nayo, mbele ya watu. Nikajifuta na leso. Yule mama alikuwa amenipa moja bila kuuliza.

Mama Ciru akamgeukia. "Mama, hukuona gari hapa asubuhi? Prado nyeusi, kubwa."

"Ile?" Yule mama akashangaa. "Si kanjo walibeba, wale askari wa kaunti. Huyu akienda tu hivi, wakakuja na lori lao la breakdown, wakafunga, wakaenda nayo."

"Na hukumwambia?"

"Sasa nimwambie nini? Nimemwona anapita, anarudi, anapita, amevaa raba, anasalimia. Nikajua mzee anapiga tizi."

Mama Ciru akanitazama. "Ulilipia maegesho?"

Nikafungua peremende, nikatia mdomoni. Miaka yote ile kule nilijifunza kwamba kuna mpira ukishapita umepita.

Akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka pale mpaka yule mama wa leso akaanza kutuonea huruma. Nilicheka mpaka kwenye yadi ya kaunti. Pale dirishani watu wanalia, wanapiga simu kwa wakubwa wao, wanasema gari ni la mgonjwa. Mimi nikasema namba ya gari yangu kwa sauti, yote, herufi na tarakimu, bila kusita. Karani akaniangalia juu ya miwani.

"Mzee, leo ni siku yako ya kuzaliwa?"

"Karibu," nikamwambia. Nikalipa. Sikuomba hata shilingi ipunguzwe, na mnajua hiyo si tabia yangu.

Tukiwa garini, kabla sijawasha, Mama Ciru akaacha kucheka.

"Gari ilibebwa na kanjo," akasema. "Hiyo nimeelewa. 87 ilibebwa na nani?"

Nilishika usukani nikatazama lango la yadi.

"Ni woga," nikasema. "Woga unaweza kufuta kitu."

"Daktari atuambie hivyo, basi."

Nilikuwa nimemkwepa daktari tangu Leroy aondoke. Nilikuwa na sababu nyingi, zote nzuri. Siku ile hazikufika hata kwenye midomo. Tulienda, akanipiga picha ya kichwa, nikalala ndani ya kile kibomba kinachogonga kama fundi wa mabati, na humo ndani nilitaja steji mara nyingi kuliko kondakta yeyote, zikaja zote. Daktari, mama mdogo mdogo mpole, alisema kwa sasa hakuona cha kumtisha. Akasema woga kweli hufuta kitu. Akasema pia hawezi kuniahidi kesho, na nirudi kila mwaka walinganishe. Nilimwuliza ni mara ngapi mtu anaweza kugonga kichwa kabla ya kulipa. Akasema hakuna anayejua hesabu hiyo. Basi tumelingana, nikamwambia.

Kwa hivyo bado naogopa. Asubuhi bado nazitaja, na nikifika Uthiru moyo unasimama kidogo kama gari likingoja abiria. Tofauti ni kwamba sasa nazitaja kwa sauti, na Mama Ciru anaitikia kutoka jikoni.

Jumamosi, yule atakayegongwa akaona nyota, sitaki aniambie yuko sawa. Sitaki ajipanguse akarudi kwenye mstari akitabasamu. Apaze. Anayecheka mwenzake aliyepaza atarudi nyumbani kwake mapema, hata akiwa ndiye mkali wenu. Na kichwa kikae nyuma, shavu ubavuni, nimesema.

Na kwa wale wawili niliowasikia mkinong'ona kwamba mzee alitozwa laki na kaunti, acheni uongo. Yadi, picha ya kichwa, leso ya yule mama na bodaboda ya Mama Ciru, yote pamoja, yalinigharimu shilingi elfu arobaini na mbili, mia tatu na hamsini.